Dizeli Haina Plagi

Naikumbuka siku ile kwa harufu, mwanangu. Wengine hukumbuka siku zao kwa mvua iliyonyesha au nguo waliyovaa. Yangu mimi inanuka petroli. Hata sasa, mvi zimenijaa kichwani, nikipita karibu na kituo cha mafuta harufu ile hunirudisha Mukuru kwa Njenga, kwenye kisiagi cha unga cha Bi Rehema, mikono yangu myeupe kwa unga na mdomo wangu umekwama katikati ya neno.

Nikueleze kwanza nilikuwa nani, usije ukapotea njiani. Mimi nina kigugumizi. Nasema ninacho, sisemi nilikuwa nacho, maana hakijaniacha na sidhani kitaniacha. Ukiniona leo nasimama kanisani nikisoma matangazo, usifikiri nilipona. Nilijifunza kuishi nacho, na nilianza kujifunza siku hiyo ninayokusimulia.

Nilikuja Nairobi kutoka Kakamega mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana mwenye nguvu na shati moja la maana. Kila asubuhi tulitoka Mukuru kwa miguu, kundi zima, tukaenda kusimama kwenye mageti ya viwanda kutafuta kibarua. Msimamizi alitoka, akanyoosha kidole: wewe, jina? Aliyelitaja jina lake haraka aliingia. Sasa jina langu ni Enoka, na mtu mwenye kigugumizi akijaribu kulitaja, shida yake utaijua mara moja.

"E... e... e..."

"Nimekuuliza jina, unanijibu 'ee'?" msimamizi mmoja alinikazia macho. "Ee nini? Kwani nimekuita? Haya, mwingine!"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu ukichekwa usipocheka wanakuona umenuna, halafu nikarudi nyumbani na njaa yangu. Usidhani ilikuwa mara moja tu. Ilifika mahali nikiliona geti la kiwanda nageuza njia.

Aliyeniokoa ni Mama Nafula, jirani yetu aliyetoka upande wa kwetu, muuza mboga. Alinishika mkono akanipeleka kwa Bi Rehema, mjane wa Kimombasa aliyeolewa Nairobi miaka mingi iliyopita. Mumewe alipofariki alimwachia kibanda cha mabati na ndani yake mashine ya kusagia unga, inayozungushwa na injini ya dizeli. Upande ule stima ilikuwa haijafika. Mpwa wake, Hamisi, kijana wa rika langu, ndiye aliyepokea wateja na kupima mahindi. Palihitajika mtu wa injini.

"Huyu kijana yetu hasemi sana," Mama Nafula alimwambia, "lakini mikono yake haina shida."

Bi Rehema alinitazama juu mpaka chini. "Simtaki wa kuimba taarabu," alisema. "Nitakutazama kwanza. Nikiona waiweza mashine, kazi ni yako. Nikiona huiwezi, tutaagana kwa wema."

Basi nikaanza, kwa kujaribiwa. Injini yenyewe ilikuwa na silinda moja, nzito, na gurudumu kubwa la chuma pembeni, na mkanda mrefu ulitoka hapo ukapita katikati ya kibanda hadi kwenye mawe ya kusagia. Nakwambia niliipenda injini ile kuliko watu wengi niliowajua. Ilikuwa haina haja ya kuniuliza jina.

Bi Rehema ndiye aliyenifundisha. Alichukua pampu ya baiskeli ya Hamisi, akaziba tundu kwa kidole, akaniambia nisukume haraka haraka. Nikasukuma. "Shika hapo chini," akasema. Nikashika, palikuwa moto.

"Umeona? Hewa ukiibana yapata joto. Sasa sikiza. Injini ya petroli yavuta hewa na petroli vikiwa vimeshachanganyika, yavibana kiasi, kisha plagi yatoa cheche, vyalipuka, pistoni yasukumwa. Hii yetu haina plagi. Usije ukaitafuta. Yavuta hewa tupu, na kuibana yaibana kwelikweli, mpaka hewa yenyewe yawa moto. Hapo ndipo pampu yatuma tone la dizeli kwenye nozeli, lanyunyizwa kama marashi, na likikutana na ule moto lawaka lenyewe. Hakuna wa kuiwashia."

Kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa moshi, halafu kuvuta tena. Injini zote mbili hufanya hivyo. Tofauti ni nani anayeleta moto: ya petroli huletewa cheche kutoka nje, ya dizeli huutengeneza moto wake kwa kubana.

Lakini kubana huko ndiko kulikofanya iwe kazi kuiamsha asubuhi, hasa miezi ya baridi. Ukishika hendeli na kuizungusha hivi hivi, unafika nusu ya mzunguko hewa ndani inakukatalia, na hendeli inaweza kukurudishia pigo ukaenda nayo hospitali. Kwa hiyo juu ya kichwa cha injini palikuwa na kishikio kidogo cha chuma. Ukikiinua, vali hubaki wazi, hewa hutoka, na hendeli huwa nyepesi hata mtoto angeizungusha. Unazungusha, unazungusha, gurudumu linashika kasi. Likishalemea kwa kasi yake lenyewe, unakiangusha kishikio. Hewa inanaswa, inabanwa, na injini inakohoa moshi: tu... tu... tu-tu-tu. Kuanzia hapo hata ukiipa magunia ya mtaa mzima haitishiki.

Hamisi alikuwa na domo, tena domo zuri. Aliweza kumfanya mwanamke aliyekuja na hasira aondoke akicheka. Siku ya tatu au ya nne aliniangalia nikihangaika na salamu, akapiga makofi. "Huyu mse ni dizeli! Asubuhi hawaki mpaka umbembeleze!" Jina likanata. Foleni nzima ikaniita Dizeli, na watoto wa mtaani pia. Sikulikataa. Liliniondolea mzigo wa kutaja langu.

Na Hamisi alikuwa na wema mwingine, ambao nauita wema kwa sababu ndivyo ulivyokuwa. Nikikwama, alinimalizia. Nikisema "ma...", yeye anasema "maji, Dizeli anataka maji", na maji yanaletwa. Mara nyingi alipatia. Akikosea, niliyanywa hayo maji hata kama nilitaka maharagwe. Ilikuwa rahisi kuliko kuanza upya. Polepole nikawa nasema herufi moja tu, namwachia yeye zilizobaki.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo kila nyumba ilitaka unga wa wiki. Foleni ilitoka mlangoni ikakunja kona, akina mama na makopo yao, magorogoro ya mahindi, wengine na watoto mgongoni. Bi Rehema alikuwa ameingia chumbani kwake, nyuma ya kibanda, kuswali alasiri. Tangi lilikuwa linakaribia kukauka, na Hamisi, ili foleni isisimame, alichukua mtungi akakimbia kituoni barabarani. Siku zote Bi Rehema ndiye aliyemtuma, na siku zote alimwambia "dizeli". Siku hiyo Hamisi alijituma mwenyewe, na kule kituoni alisema, "Nijazie mafuta."

Neno hilo ni pana mno kwetu, mwanangu. Ya kupikia ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta. Na pale kituoni, ukisimama na mtungi ukasema mafuta, utapewa petroli.

Alirudi anahema. Injini ilikuwa inanguruma, mimi niko upande wa pili namimina mahindi ya Mama Nafula kwenye kinywa cha mashine, na kati yangu na Hamisi mkanda unapiga mbio. Haikuwa ruhusa kuongeza mafuta injini ikiwa inazunguka, lakini haraka ni haraka. Alifungua kifuniko cha tangi, akaweka faneli, akaanza kumimina.

Ndipo harufu iliponifikia. Dizeli hunuka nzito, na harufu yake hukaa chini. Hii ilikuwa kali, ilipanda puani ikakaa machoni. Petroli, juu ya injini ya moto, ndani ya mabati, na watoto wale wote. Nikafungua mdomo.

"Pe... pe... pe..."

Hamisi aliinua uso, akatabasamu. "Pembeni!" aliwapigia kelele akina mama. "Dizeli anasema kaeni pembeni, huo mkanda utawashika!"

Akina mama walisogea pembeni. Mmoja alinishukuru.

"Pe... pe..."

"Si wameshaenda pembeni, buda! Tulia!" Na akaendelea kumimina.

Niliacha debe likaanguka, nikazunguka nyuma ya watu, nikiwasukuma. Kabla sijafika, sauti ya injini ilishabadilika. Ilianza kugonga, kavu, kama mtu anayepiga nyundo ndani ya sufuria, na moshi ukatoka wa rangi nisiyoijua. Nilimvuta Hamisi akaanguka na mtungi wake nje ya mlango, nikafunga njia ya mafuta ya injini. Gurudumu liliendelea kuzunguka kwa uzito wake, likachoka, likasimama.

Akina mama wakaanza kuuliza. "Kumetokea nini?" "Mashine imekufa?" Hamisi aliinuka anajipangusa vumbi. "Muulizeni Dizeli, ndiye amezima. Amenisukuma bure!" Na mwanamke mmoja aliyekuwa karibu kufikiwa alisema kwa sauti ambayo bado naisikia, "Kijana mwenyewe hata kusema hawezi, mashine ataiweza? Bi Rehema amtafute mwingine."

Mahindi ya Mama Nafula yalikuwa yametapakaa sakafuni. Nikajua na wangu unga umemwagika. Nililiona lile geti la kiwanda mbele yangu, na yule msimamizi na kidole chake.

Bi Rehema aliingia, kanga kichwani. "Nani amezima injini yangu?"

Wote walininyooshea kidole.

"Kwa nini, baba?"

"Pe... pe..."

"Pembeni!" alisema mmoja. "Pengine imechoka!" alisema mwingine. "Peleka! Anataka ipelekwe kwa fundi!" Wakawa kama watoto wanaotegua kitendawili.

Bi Rehema aliinua mkono. "Nyamazeni! Nimemuuliza yeye. Mwenye haraka na akasage kwingine."

Kikawa kimya. Kimya kile, mwanangu, kilinitisha kuliko makelele, kwa sababu tangu nizaliwe sikuwahi kupewa kama hicho. Nilijaribu kulisukuma neno kwa nguvu. Shingo ikanivimba, macho nikafumba, na neno likazidi kujifungia.

"Wacha," alisema kwa upole. "Njoo hapa. Shika hendeli."

Nilidhani amekata tamaa na mimi. Nikashika. Akaangalia kishikio, kilikuwa chini. "Zungusha." Nikavuta, ikafika nusu ikanikatalia. "Mbona haizunguki?" Nilionyesha kishikio kwa kidole. "Kwani wewe kila asubuhi huanzaje?" Nikakiinua, nikazungusha, hendeli ikaenda nyepesi.

"Basi mdomo wako wauanza kishikio kikiwa chini," alisema. "Wabana kwanza, kisha ndiyo wasukuma. Hata hii, na chuma chake chote, haiwaki hivyo. Toa pumzi, mwanangu. Ianzishe pumzi kwanza, neno litakuja juu yake. Sisi tuko hapa, hatuendi popote."

Nilitoa pumzi. Nikaiacha itoke mpaka mabega yakashuka, kisha nikaanza, laini, karibu bila sauti.

"Hhha... Hamisi ametia... pe... "

Hapo nilikwama tena. Nisikudanganye kwamba lilitoka kama maji. Nilikwama muda ambao mama mmoja alimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani. Lakini hakuna aliyenimalizia. Nikatoa pumzi tena.

"...petroli."

Hamisi alitoka nje, akaunusa mtungi. Alirudi akakaa juu ya gunia kama mtu aliyekatwa miguu. "Wallahi, shangazi, nilidhani anasema pembeni."

Tulifanya kazi pamoja, mimi na yeye. Tukamwaga tangi lote mbali na watu, tukalisuuza kwa dizeli kidogo iliyokuwa imebaki kwenye debe la zamani, tukalegeza bomba tukatoa hewa iliyoingia. Hamisi alirudi kituoni, na baadaye aliniambia kwamba safari hii alisema "dizeli" tena na tena hadi kijana wa kuuza mafuta akamuuliza kama ni mgonjwa. Dizeli ina ute wake, huilainisha pampu inapopita. Petroli ni kavu, ingeisaga pampu ile ikafa. Kwa kuwa nilizima mapema, ilipona. Kabla ya magharibi nilikiinua kishikio, nikazungusha, nikakiangusha. Tu... tu... tu-tu-tu. Mama Nafula alipiga kigelegele, kisha akaniuliza ni nani atamwokotea mahindi yake.

Watu walipoisha, Bi Rehema aliniita nikae. "Kazi ni yako," alisema. "Nilishaamua kitambo. Lakini nina neno nawe. Jina lako nani?"

"Dizeli," nilijibu.

"Umeona lilivyotoka? Halikukwama hata kidogo, kwa sababu si lako." Uso wake ulikuwa mkali sasa. "Umekubali jina la mafuta kwa kuwa ni jepesi kulisema. Umekubali na watu wakusemee, kwa kuwa ni wepesi kukusemea. Leo umeona. Wangewachoma watoto wa watu, na wote wana nia njema! Mdomo wako ndio tangi lako, Enoka. Huliachi wazi kila apitaye atie anachoona chafaa. Usinifanyie tena mchezo huo. Ukiwa na la kusema, utalisema wewe, hata likichukua mpaka kesho."

Nililia, mwanangu. Sikulia kwa kuonewa. Toka utotoni watu walinihurumia, walinicheka, walinisaidia. Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa kunyamaza. Yeye alikasirika kwa sababu aliamini nina kitu cha kusema.

Hamisi hakusema samahani kwa maneno mengi, na kwake hilo lilikuwa jambo geni. Lakini kuanzia siku hiyo, nikikwama, alitoa kitambaa mfukoni akaanza kujipangusa mikono. Hata ikiwa safi alijipangusa, kidole baada ya kidole, hadi nimalize. Nikimaliza alirudisha kitambaa, akanijibu. Na aliniita Enoka. Wengine mtaani waliendelea na Dizeli, na waliojua kungoja nimalize kusema niliwaacha waniite hivyo.

Bi Rehema ametangulia mbele ya haki. Hamisi alirudi Mombasa, ana wajukuu, na tunapigiana simu. Nikikwama, simu inanyamaza kabisa, hata pumzi yake siisikii. Mkewe aliwahi kuniambia kwamba nikipiga simu Hamisi huenda kwanza kutafuta kitambaa.

Sasa haya ndiyo ninayotaka uondoke nayo. Ikiwa wewe ni wa kukwama, iwe ni kwa ulimi kama mimi au ni kwa akili iliyo na woga, shule au kazini, usijibane kwanza ndipo uanze. Legea, uanze na pumzi, na nguvu itakuja ukiwa tayari unakwenda. Usikubali jina lisilo lako kwa sababu tu ni jepesi. Na jambo ulilonalo ulitoe mwenyewe, hata wakichoka kukusubiri, maana siku moja roho za watu zitakuwa mikononi mwa neno lako.

Na ikiwa wewe ni wa upesi kama Hamisi, nakupenda pia, dunia ingekuwa baridi bila nyinyi. Ila ukimwona mwenzako amekwama, usimmalizie. Si kila mtu huwashwa kwa cheche yako. Wako wanaoutengeneza moto wao ndani, na ukiwatilia wa kwako utawaharibu. Mtazame usoni, tafuta kitambaa, jipanguse mikono.

Mungu akupe, mwanangu, pumzi ya kuanzia kila neno zito. Akupe na mtu wa kuwanyamazisha wengine mpaka umalize. Na siku utakayoulizwa jina lako, popote pale, ulitaje lote. Mimi naitwa E... Enoka.